UPANGA WA NAHODHA SEBULENI: WA ZAMANI AU MPYA? STAA WA ROCK CITY KAPIGWA MCHANA KWEUPE

Wadau, wiki hii Mwanza stori ni moja tu. Jamaa mmoja maarufu, jina tunalihifadhi ila watu wa Kirumba na Kapripoint mnamjua kwa magari yake, karusha video akiwa sebuleni kwake. Ukutani kuna upanga. Mpini mweupe, kichwa cha simba juu, alama ya nanga kwenye kinga ya mkono, ala nyeusi ya ngozi. Anasema ulikuwa wa nahodha wa Kijerumani aliyepigana Ziwa Victoria mwaka 1914, na kaununua kwa pesa ambayo ingeleta mashine mpya ya boti na chenji ikabaki.

Video imetrend. Vijana wanaulizana zinapatikana wapi. Wanabishana pia: mtu anayeanza kukusanya achukue wa zamani au mpya? Wengi wanajibu fasta kwamba wa zamani ndo heshima, mpya ni urembo tu. Hapo ndo panahitaji breki.

Maana video yenyewe imemuumbua jamaa. Alipouchomoa na kusogeza kamera, kwenye bapa, chini ya taji, zinasomeka herufi za mfalme George wa Sita wa Uingereza. Huyo alitawala kuanzia 1936 mpaka 1952. Waingereza waliichukua Mwanza kutoka kwa Wajerumani Julai 1916. Sasa nahodha wa Kijerumani wa 1914 aliupata wapi upanga wa mfalme aliyekuja kukalia kiti zaidi ya miaka 20 baadaye? Upanga unaweza kuwa halisi kabisa, ila stori ni feki. Na kilicholipiwa pale ni stori.

Mtaniambia staa ana hela, aache apigwe. Sawa. Lakini kwenye maoni yupo dogo wa Mwaloni, anauza dagaa, kaandika kwamba muuzaji yuleyule kamwambia zimebaki mbili, na yeye anavunja kibubu Jumamosi. Hiyo ni mtaji wa mtu. Kwa hiyo tuongee kwa ajili ya dogo.

Kwanza, historia. Vita ya ziwani ilikuwepo kweli. Mwaka 1914 Waingereza walikuwa na meli kadhaa kwenye ziwa hili, zikiwemo Winifred na Sybil. Sybil ilikwama upande wa Majita Novemba mwaka huohuo wakaiacha, wakaja kuiondoa 1915. Wajerumani wao walikuwa na boti yao ndogo ya kuvuta, iliitwa Muansa, jina la mji wetu kwa tahajia yao. Meli yao kubwa ya kivita Afrika Mashariki, Königsberg, ilikuwa mbali kabisa, ikazamia Rufiji Julai 1915. Sasa piga hesabu: kwa kiboti kimoja, hao maofisa wa majini wa kuacha panga kila mtaa wa Mwanza walitoka wapi? Kila anayeuza kisu cha kutu siku hizi anasema ni cha Mjerumani. Ukisikia hivyo, shika pochi yako.

Pili, upanga unasomeka. Wa ofisa wa majini wa Uingereza umefuata mtindo mmoja tangu 1827: kichwa cha simba, nanga, mpini wa ngozi ya samaki iliyozungushiwa waya wa rangi ya dhahabu. Kwa kuwa mtindo haubadiliki sana, umri unaupata kwenye herufi za mfalme au malkia aliyekuwepo. VR ni Victoria, mpaka 1901. EIIR ni Elizabeth wa Pili, kuanzia 1952. Wa Kijerumani una simba pia, ila mara nyingi macho yake ni vioo, moja jekundu na jingine la kijani, kama taa za meli za kushoto na kulia. Wilkinson wa London waliziwekea nyingi namba kwenye mgongo wa bapa, na kwa namba hiyo mtu anaweza kufuatilia mwaka uliotengenezwa. Muuzaji anayekwambia "usiitoe kwenye ala, itaharibika" hauzi upanga, anauza giza.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Msimamo ni huu: anayeanza anunue mpya, na asione aibu. Upanga mpya hauna stori ya kudanganyiwa. Unajua umetengenezwa lini na nani, una risiti, ukipata doa hujaua historia ya mtu. Unaushika, unajifunza uzito, unajua mpini uliokaa sawa ukoje. Angalia tu chuma chake kinaingiaje kwenye mpini. Zile za bei chee nyingi zina kijiti chembamba ndani, ukiutikisa unasikia unalegalega. Na usishangae kuona hauna makali. Panga za gwaride huwa hazinolewi.

Ila mpya usiwe wa jeshi letu. Usije ukaenda kumshawishi mtu Kigamboni akutolee wa Kamandi ya Wanamaji. Mwaka 2023 JWTZ liliwapa raia siku saba wasalimishe mavazi ya kijeshi, na hayo ni mavazi tu. Upanga unaoshikwa na ofisa kwenye gwaride si pambo la sebule ya mtu mwingine. Anaoushika ameulipia kwa jasho lake.

Wa zamani je? Nunua siku ukiweza kuusoma mwenyewe bila kusimuliwa. Na uwe tayari kuutunza. Unyevu wa ziwa hauna huruma na chuma, na ngozi ya ala inaota ukungu masika ikipita. Kitambaa kikavu na mafuta mepesi vinatosha. Yule staa kaonekana akiusugua kwa steelwire mpaka ung'ae kama sufuria. Bana, zile herufi na michoro ndo thamani yenyewe! Halafu kumbuka kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kuna vitu vya zamani huruhusiwi kuvitoa nchini bila kibali, kwa hiyo usidandie dili la kusafirisha ambalo hujauliza.

La mwisho ni hili. Hata ukiupata wa kweli, wa 1914, simulia yote. Wakati ofisa ana kichwa cha simba kiunoni, mzigo wake ulikuwa kichwani kwa mpagazi. Watu wa huku walibebeshwa vita isiyo yao, wengi hawakurudi nyumbani, na hakuna ukuta unaoning'iniza kamba zao. Kusema "nahodha" kwa mbwembwe na kumruka mpagazi ni kurudia dharau ileile, safari hii tunaifanya wenyewe.

Tena Bujora ipo hapo Kisesa, daladala moja tu. Makumbusho ya Wasukuma yapo, na kazi za mikono za watu wa ziwa hili zina stori isiyohitaji Mjerumani wa kubuni. Staa angeanzia huko angepata cha kujivunia na mashine ya boti juu.

Dogo wa Mwaloni, kama unasoma: Jumamosi mwambie jamaa auchomoe mbele yako, juani. Akikataa, rudi na kibubu chako nyumbani.

Wadau mnasemaje, wa zamani au mpya? Funguka hapo chini, matusi hapana.