TAARIFA YA TAWI: KAZI ZA CHUO MTANDAONI

Ndugu wanachama,

Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, watu wasome huku wakifanya kazi. Kituo cha mkoa wetu kipo Musoma. Siku hizi kazi za masomo hupakiwa kwenye Moodle, na tunaona wenzetu wakimwachia kijana wa steshenari nywila. Hilo hatuliungi mkono. Faili lisipobonyezewa kitufe cha kuwasilisha laweza kubaki rasimu tu. Na 23:59 ni saa 5:59 usiku (wapo wanaochanganya!). Fedha hazipokelewi bila stakabadhi: pigeni picha ya skrini.

Umeme ukikatika usiku wa mwisho, mwanafunzi asihesabiwe mvivu. Tunaomba vyuo vyote vifunge dirisha mchana.

Jumamosi saa 3 hadi saa 7 tupo ofisini, tupakie pamoja.

Katibu wa Tawi