Terabaiti 858 ziliungua Korea Kusini. Za kwako nyumbani ziko salama?

Usiku wa Septemba 26, 2025, moto uliwaka kwenye kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Ulianzia kwenye betri za lithiamu zilizokuwa zinahamishwa. Kati ya mifumo iliyoteketea ni G-Drive, sehemu ambayo watumishi wa umma walikuwa wanahifadhi mafaili yao ya kazi. Terabaiti 858. Nakala nje ya jengo? Haikuwepo. Maofisa walieleza kwamba data zilikuwa nyingi mno kuwekewa nakala ya pembeni.

Hiyo ni nchi ya Samsung. Kabla hujacheka, angalia kompyuta iliyoko sebuleni kwako. Picha za harusi zimo humo, skani ya hati ya kiwanja, hesabu za duka, tasnifu ya mdogo wako anayemaliza chuo. Vyote mashine moja, chumba kimoja. Ukubwa tu ndio unaokutofautisha na Daejeon.

Na kuna jambo jingine linaloharakisha mambo. Oktoba 14, 2025, Microsoft ilifikisha mwisho msaada wa kawaida wa Windows 10, ambayo bado iko kwenye kompyuta nyingi za majumbani. Mashine isiyopata masasisho ya usalama ni mlango wazi kwa virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia. Mei 2017, WannaCry ilipita kwenye tundu ambalo Microsoft ilishaliziba miezi miwili kabla. Walioumia ni ambao hawakusasisha.

Microsoft ilitoa mwaka mmoja wa nyongeza, hadi Oktoba 13, 2026, na njia mojawapo ya kuupata bila kulipa ni kuwasha Windows Backup. Hapa wengi wanapigwa chenga na jina. Kitu hicho husawazisha mipangilio na baadhi ya mafolda yako kwenye OneDrive, ambayo nafasi yake ya bure ni gigabaiti 5. Video ya sendoff moja tu imeshaijaza. Tena kusawazisha siyo bakapu: ukifuta faili kwenye kompyuta, kule nako linafutika. Linakaa kwenye pipa la taka siku 30, basi.

Bakapu yenyewe ni nakala ya pili inayokaa kando, na inayojifanya yenyewe. Hilo la kujifanya yenyewe ndilo muhimu. Mimi nikiwa chuo nilikuwa nanakili kwenye fleshi kila Jumapili. Jumapili mbili nilikumbuka, ya tatu kulikuwa na mechi. Diski ikafa Jumanne, nikaandika upya sura mbili za ripoti ya mafunzo kwa vitendo.

Vifaa vya kufanya hivyo vimo tayari ndani ya kompyuta. Kwenye Windows, chomeka diski ya nje, andika File History kwenye sehemu ya kutafuta, kisha iwashe. Kwa kawaida inahifadhi mabadiliko kila saa. Kwenye Mac ni Time Machine, nayo hunakili kila saa.

Ila ratiba hizi zimebuniwa kwa nyumba ambazo kompyuta haizimwi. Sisi tunazima hadi soketi ya ukutani, LUKU isiishe bure. Kwa hiyo ukitumia programu inayokutaka uchague saa, usiweke saa nane usiku kama wanavyoshauri wengi mtandaoni. Weka muda ambao kweli mashine inawaka, hata kama ni wakati wa taarifa ya habari. Kwenye Task Scheduler ya Windows kuna visanduku viwili vya kuangalia. Kimoja huzuia kazi kuanza kama laptopu haiko kwenye chaja, na huja kimeshawekwa tiki. Kingine huruhusu kazi iliyokosa saa yake ifanyike mara tu inapowezekana. Hicho huja kitupu. Ukiviacha hivyo na umeme wenyewe ndio huu wetu, ratiba inaweza kupita mwezi mzima bila kufanya chochote, na hakuna kengele itakayolia.

Halafu kuna suala la D. Mafundi wengi wakikuwekea Windows hugawa diski kuwa C na D, na unaambiwa "vitu vyako weka D, viko salama." Viko salama Windows ikiharibika. Diski yenyewe ikifa, C na D zinakufa pamoja maana ni kifaa kimoja. Na File History huanza na mafolda ya kawaida kama Documents, Pictures na Desktop. Ya D haitayagusa mpaka uyaongeze mwenyewe.

Diski ya nje nayo isikae imechomekwa siku zote. Virusi vya fidia huifunga pia, na mwizi akija hachagui. Ukiweza, kuwa na mbili: moja ikiwa kazini nyumbani, nyingine kwa dada au ofisini, mkibadilishana kila mwezi. Gigabaiti 200 kupanda kwenye intaneti kwa bando la simu ni ndoto, lakini vyeti, hati na tasnifu havifiki hata gigabaiti moja. Hivyo vipeleke Google Drive leo leo.

Baada ya hapo, jaribu. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandika programu, alifuta data kwenye seva isiyo yenyewe. Bakapu za kila siku zilipangwa, lakini zilikuwa zinagoma kimyakimya, na barua pepe za onyo hazikuwa zinafika. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa sababu nyingine kabisa.

Wewe chagua picha moja ya mwaka jana, irudishe kutoka kwenye diski ya nje na uifungue. Ikigoma, angalau ile ya asili bado unayo.