Medali ya Simbu haikupatikana kwa zimamoto

TAREHE 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida alimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari wa kumalizia marathoni ya Mashindano ya Dunia. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi picha itazamwe ndipo ijulikane nani mshindi, na tofauti yao ilikuwa sekunde 0.03. Ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo tangu yaanze mwaka 1983.

Wananchi walifurahi, tena walikuwa na haki ya kufurahi. Wakubwa nao walifurahi, salamu za pongezi zikamiminika, na kila mwenye cheo akataka aonekane yumo. Hatuna ugomvi na pongezi. Ugomvi wetu ni kwamba katika shangwe zile zote hatukusikia kigogo akiuliza swali dogo tu: huyu kijana alichukua muda gani kufika pale, na ni nani aliyekuwa naye njiani?

Tuhesabu pamoja, ndugu msomaji. Mwaka 2015 Simbu alikwenda Beijing katika mashindano hayo hayo, akawa wa 12. Mwaka 2016 katika Olimpiki ya Rio de Janeiro alikuwa wa tano. Mwaka 2017 akaleta shaba kutoka London. Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, alikuwa wa saba. Mwaka 2022 alipata fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham. Paris 2024 akaanguka hadi nafasi ya 17, na vijiweni wakasema amekwisha, umri umemtupa mkono. Aprili 2025 akashika nafasi ya pili Boston. Septemba dhahabu, akiwa na miaka 33.

Miaka kumi! Alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi, kwa hiyo alikuwa na mshahara na pa kulala hata asiposhinda kitu. Alikuwa na mwalimu, Francis John, ambaye hakumtupa baada ya Paris. Hiyo ndiyo siri, na wala si siri.

Wazee wetu waliijua. Filbert Bayi alikwenda Munich mwaka 1972 akatolewa katika mchujo. Kwa utaratibu wetu wa leo angekuwa amefukuzwa kambini na jina lake kusahauliwa. Lakini aliachwa aendelee. Mwaka 1973 akashinda mita 1500 katika Michezo ya Afrika huko Lagos, na Februari 1974 huko Christchurch akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka 1980 huko Moscow akapata medali ya fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha ya mita 5000. Tangu siku hiyo hadi Olimpiki ya Paris, Tanzania haikuongeza medali nyingine ya Olimpiki, hata ya shaba. Tokyo tulipeleka wanamichezo watatu, wote wa marathoni. Watatu, nchi yenye watu zaidi ya milioni 60!

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa unaanzia shuleni. Mwandishi wa safu hii amemaliza kidato cha nne si miaka mingi iliyopita, na anayajua ya UMISSETA kwa kuyaona, si kwa kusimuliwa. Timu ya shule inachaguliwa wiki mbili kabla ya mashindano. Mwalimu anayekabidhiwa timu ni yule mwenye vipindi vichache, si yule anayejua mchezo. Mwaka wetu wa mwisho alikuja kijana mwenye ndevu, hatujawahi kumwona darasani, akapewa jina la mwenzetu aliyekuwa nyumbani anaumwa malaria. Tulishinda wilayani. Mwenzetu alipopona alikuta jina lake limefunga magoli manne. Tulicheka sana wakati ule. Leo tunajiuliza: yule aliyeachwa benchi ili mamluki acheze, mtoto halali wa kidato cha pili aliyekuwa na mguu wa kushoto wa ajabu, yuko wapi? Ni dereva wa bodaboda. Kazi halali, lakini mguu ule umepotea.

Mamluki na vijeba ndio mwanzo wa yote, na mchezo huo tunaucheza hadi ngazi ya taifa. Timu ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilifuzu fainali za Afrika za Gambia mwaka 2005, halafu ikaenguliwa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Aibu ikawa ya nchi nzima, na waliopanga mpango ule wakabaki wamejificha nyuma ya kijana. Siku hizi janja hiyo imepata dawa. Tangu Kombe la Dunia la vijana la 2009, FIFA hupima kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI. Mfupa wa mtoto una sehemu laini ya kukulia karibu na kiungo, na sehemu hiyo ikishaziba kabisa mashine inaiona. Cheti cha kuzaliwa unaweza kukinunua. Mfupa hauhongeki.

Lakini uovu wa kijeba hauishii kwenye faini na kufungiwa. Kocha anayemtegemea kijeba hana haja ya kumfundisha mtoto. Anataka kombe la mwezi huu, na mtu mzima kati ya watoto atampa. Mtoto anayejifunza atampa kitu baada ya miaka sita, na baada ya miaka sita kocha huyo atakuwa amehamishwa au amekata tamaa ya posho.

Mwaka 2019 tuliandaa fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 hapa hapa Dar es Salaam. Mechi tatu, tulipoteza zote, tukafungwa magoli 12. Wengi wakakumbuka ule msemo wa Mzee Ali Hassan Mwinyi kuhusu kichwa cha mwendawazimu ambacho kila mtu hujifunzia kunyoa. Sisi hatukuwacheka wale watoto. Kufungwa ukiwa na miaka 16 ni sehemu ya masomo. Tunauliza habari za baadaye: ukimtoa Kelvin John aliyekwenda Genk ya Ubelgiji, ni wangapi unaowakumbuka majina? Timu ile ilikusanywa, ikafundishwa, ikafungwa, ikatawanyika. Hiyo tunaiita timu ya zimamoto. Moto ukizimika, gari linarudi gereji.

Kwenye riadha madhara yanaonekana mwilini. Msomaji wa Mbulu, Karatu au Hanang' anajua tunachokisema. Mtoto wa miaka 14 anaonekana anakimbia vizuri kwenda shule. Anatokea mtu anajiita kocha, ana filimbi na simu yenye namba za mawakala. Baada ya miezi mitatu mtoto anakimbizwa kilomita 21 barabarani kila Jumapili kufuata bahasha ya mshindi, leo mji huu, kesho mji ule. Akifika miaka 18 magoti yamekwisha. Huo umri wa miaka 12 hadi 16 ndio mifupa inarefuka haraka kuliko misuli, na mishipa inayoshika goti inauvuta mfupa laini chini yake. Ndiyo maana watoto wengi wanaocheza sana hulalamika maumivu chini ya pia ya goti. Dawa yake ni kupunguza mazoezi na kusubiri. Kocha wa bahasha hasubiri, anamwambia mtoto ni mvivu.

Kanuni za riadha za dunia zenyewe hazimruhusu asiyefikisha miaka 20 katika mwaka husika kukimbia marathoni ya Mashindano ya Dunia. Walioiweka kanuni hiyo walijua kwamba mbio ndefu ni mazao ya mwisho, yanayovunwa baada ya miaka ya kukimbia nyika, mita 800, mita 1500, kuruka, kurusha, hata kucheza mpira tu na wenzako. Mtoto anatakiwa ajue kuutawala mwili wake kwanza.

Wanaosema hayo ni mambo ya Wazungu wenye fedha, tunawaomba wavuke mpaka wa Namanga, waende Iten. Mwaka 1976 alifika hapo Mwairishi mmoja, Bruda Colm O'Connell, kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's. Hakuwa kocha, alijifunza ualimu wa riadha hapo hapo kwa kuwatazama vijana wakikimbia. Peter Rono, aliyeshinda mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul 1988, alipita mikononi mwake. David Rudisha alimfikia akiwa kijana mdogo wa kukimbia mita 400. Bruda akamsogeza taratibu kwenye mita 800. Mwaka 2006 alikuwa bingwa wa dunia wa vijana. Mwaka 2008 alikosa Olimpiki kwa kuumia, mwaka 2009 akatolewa nusu fainali huko Berlin, na mwalimu hakubadilishwa wala mwanafunzi hakufukuzwa. Agosti 2012 huko London akakimbia dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Shule ile haikuwa na mashine za ajabu. Ilikuwa na bweni, chakula, barabara ya vumbi, na mtu mzima mmoja ambaye hakuondoka.

Hatusemi Kenya ni peponi. Mwaka 2021 Iten hiyo hiyo ilimpoteza Agnes Tirop, aliyeuawa nyumbani kwake akiwa na miaka 25, na wanariadha wenzake wakaunda Tirop's Angels kupambana na ukatili dhidi ya wanawake. Jambo hilo linatuhusu. Binti anayeanza kupata fedha za mbio huzungukwa na wanaume: kocha ni mwanamume, meneja ni mwanamume, anayeshika kadi ya benki ni mwanamume. Kambi ngapi za wasichana hapa kwetu zina matroni anayelala hapo? Nani amemfundisha binti wa miaka 17 kusoma mkataba kabla ya kuweka sahihi? Kumlea mwanamichezo ni pamoja na hayo. Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41, na wapo wasichana wenye uwezo kama wake ambao wazazi wao wanakataa kuwapeleka kambini. Wazazi hao hatuwalaumu.

Tatizo la fedha nalo limekuwa wimbo wa serikali. Fedha hakuna, fedha hakuna! Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alianza kutoa shilingi milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga katika michuano ya Afrika. Mashabiki walishangilia, na sisi hatuna kinyongo na Simba wala Yanga (katika chumba hiki cha habari zimo zote mbili, na kelele zake tunazijua). Lakini tupige hesabu ya duka. Hata mpira ukiuzwa shilingi 50,000, goli moja ni mipira 100. Ni shule ngapi za msingi zinacheza kwa mpira wa makaratasi na kamba? Anayezawadiwa ni mtu mzima ambaye tayari ana mkataba. Yule wa darasa la nne, ambaye angefunga goli hilo mwaka 2040, hana hata eneo la kuchezea, kwa sababu kiwanja cha shule kimekatwa viwanja vya nyumba na waliokikata tunakutana nao kwenye mikutano ya kijiji.

Halafu yapo yasiyohitaji fedha nyingi. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, mkoani Mwanza, kinatoa walimu wa michezo. Wakitoka pale wanakwenda wapi? Wapo wanaofundisha uraia na hisabati kwa sababu mwalimu mkuu ana upungufu, na kipindi cha michezo kinageuka cha kufyeka majani. Shule iko chini ya TAMISEMI, michezo iko chini ya wizara nyingine, na mtoto anakaa katikati kama mpira wa kurusha ambao kila upande unasema si wake.

Dakar imepangiwa Olimpiki ya Vijana mwaka 2026, ya kwanza barani Afrika, na Kombe la Afrika la 2027 limepangwa kuchezwa kwetu, Kenya na Uganda. Baadaye inakuja Olimpiki ya Los Angeles 2028. Tunaijua dalili: kambi ya mwezi mmoja, suti mpya, bendera Ikulu, msururu wa viongozi kwenye ndege.

Kwa hiyo tunaiuliza serikali mambo matatu, na tunataka majibu kwa maandishi. Kwanza, itaje ni wahitimu wangapi wa Malya wako shuleni wakifundisha michezo, na shule zipi. Pili, iseme ni kiongozi gani wa shule, wilaya au chama cha michezo amewahi kuadhibiwa kwa kupeleka mamluki au kijeba, maana hadi leo tunaona wanaoadhibiwa ni vijana. Tatu, watoto wote wanaong'ara UMITASHUMTA mwaka huu waandikwe majina katika daftari moja, na daftari hilo lifunguliwe tena mwakani, na mwaka unaofuata, mbele ya waandishi wa habari, tuone nani bado anakimbia na nani amepotelea wapi. Daftari la kurasa 200 linauzwa Kariakoo. Likikosa wa kulinunua, sisi tutachangishana.