TAMKO LA TAWI LA HOROHORO: KOROSHO YETU ISIPIMWE KWA KOPO



Wiki hii baadhi yetu wameandika humu kwamba ushirika ulishakufa zamani, na kwamba heri dalali wa pikipiki anayefika mpaka mlangoni na fedha mkononi. Tawi linapinga hoja hiyo.

Dalali huyo anapima kwa kopo. Kopo analoliita kilo likibeba kilo moja na robo, mzigo wako wa kilo 80 za mizani yeye anauhesabu kilo 64. Kilo 16 zimeliwa kabla hamjafika kwenye bei! Kusini wanaiita *kangomba*, na imepigwa marufuku. Wenzetu wa kahawa Kagera wana *butura*: mkulima anauza kahawa ingali maua mtini, kwa sababu ada ya mtoto haisubiri mavuno. Sisi wa mpakani tuna la ziada. Mzigo ukishavushwa kwenda Lunga Lunga kwa njia ya panya hauna risiti wala ushuru wa Halmashauri, na ukidhulumiwa huna pa kushtaki maana na wewe umevunja sheria.

Wanaodai ushirika ni kitu cha kuletewa na Serikali hawajui ulikotoka. Wakulima wadogo wa kahawa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, enzi ya Mwingereza, huku masetla wakiwatazama kwa jicho baya. Mwaka 1933 kikazaliwa KNCU. Walikuwa na vihamba vya migomba na buni, basi.

Lakini historia hiyo ina upande wa pili, na huu viongozi wa AMCOS wausome mara mbili. Mwaka 1937 wakulima wa Kilimanjaro walivamia maghala ya ushirika wao wenyewe. Bei ilikuwa imeanguka, wanalazimishwa kuuza KNCU peke yake, na wameona chama si chao tena. Mwaka 1976 Serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, kisha sheria ya 1982 ikavirudisha. Chama kisichosemewa na wanachama wake hufutwa kwa karatasi moja.

Kwa hiyo tusidanganyane. Malipo yanayochelewa na makato yasiyoelezwa ni malalamiko ya haki, na ndiyo yanayompa dalali soko. Mama mwenye mgonjwa ndani hawezi kusubiri mnada. Tawi linataka kila AMCOS ya korosho Mkinga ibandike makato yote ukutani, shilingi kwa shilingi, kabla gunia la kwanza halijapimwa. Mizani iwe na stika ya Wakala wa Vipimo. Hesabu zilizokaguliwa zisomwe mkutano mkuu, kwa Kiswahili cha kueleweka, na maswali yajibiwe papo hapo.

Nanyi wanachama, mkutano mkuu mnauacha kwa watu wachache halafu usiku mnalalamika kwenye simu. Bodi ile mnaichagua ninyi, na kuiondoa ni ninyi. Kijiweni hakuna kura.

La mwisho ni letu ndani ya nyumba, nalo tunaliandika wazi ili mtu asiseme hakuambiwa. Kiongozi yeyote wa tawi hili, awe balozi, mjumbe au mweka hazina, anayenunua korosho kwa kopo, au anayempa dalali mtaji na ghala, achague moja: biashara hiyo au nafasi yake. Suala hili litakuwa ajenda namba moja ya kikao cha Jumamosi saa 10 jioni, ofisi ya tawi.

Ambaye hajajisajili kwenye daftari la wakulima aje na kitambulisho chake. Bila daftari, hata salfa ya ruzuku hupati.

Mabalozi wawafikishie wazee wasio na simu.

*Imetolewa na Katibu Mwenezi, kwa idhini ya Kamati ya Siasa ya Tawi, Horohoro.*