Ningu Hakuliwa na Sangara

Katika shule nyingi za kandokando ya Ziwa Viktoria, mwanafunzi akiulizwa ni kitu gani kilichowamaliza samaki wa asili wa ziwa hilo, hujibu pasipo kusita: sangara. Jibu hilo lina ukweli mwingi. Sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakaa kimya kwa takriban miaka ishirini, kisha mapema katika miaka ya 1980 akaongezeka kwa kasi iliyowashangaza hata wataalamu. Furu, ambao aina zao zilihesabiwa kwa mamia, walitoweka kwa wingi katika Ghuba ya Mwanza mbele ya macho ya watafiti waliokuwa wakiwachunguza tangu mwaka 1977. Lakini jibu lililo sahihi kwa furu limegeuzwa kuwa jibu la kila samaki, na hapo ndipo somo la sayansi linapoharibika. Yupo samaki mmoja ambaye katika kesi yake sangara ni kama mtu aliyefika baada ya mazishi. Samaki huyo ni ningu.

Ningu, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Labeo victorianus, ni wa jamii moja na kuyu. Hupata urefu wa takriban sentimeta 40. Mdomo wake umeelekea chini, nao hutumika kukwangua mwani na mabaki ya mimea juu ya mawe na matope. Makao yake ni bonde la Ziwa Viktoria, na jina lake ni moja kwa wavuvi wa Mwanza na kwa Wajaluo wa Kisumu, jambo linaloonyesha jinsi alivyokuwa mashuhuri. Zamani nyama yake ilibanikwa au kuanikwa juani na kupelekwa mbali na ziwa. Leo kijana wa kidato cha pili aliyezaliwa karibu na mwalo huenda hajapata kumwona hata mmoja.

Maisha ya ningu yamegawanyika baina ya ziwa na mto. Hula na kukua ziwani, lakini hatagi humo. Mvua zinapoanza na mito ikajaa, wazazi hukusanyika kwenye milango ya mito, huingia katika maji ya matope na kupanda juu pamoja na mafuriko. Mto ukivuka kingo zake na kuzamisha majani, huko ndiko jike anakoyaacha mayai yake kwa maelfu na dume akayarutubisha. Kazi hiyo huisha upesi, nao wazazi hugeuka na kurudi ziwani. Vifaranga hubaki kwenye maji ya kina kifupi, yenye joto na chakula kingi, mpaka maji yanapoanza kupwa. Samaki wengine nao hufuata mito kwa namna zao: kuyu hupanda mbali zaidi hadi penye mawe na maji ya kasi, nembe na soga huingia mitoni pia, na kambare hutapakaa kwenye majani yaliyozama karibu na ziwa.

Yafaa ieleweke mito hiyo ni ya namna gani. Simiyu, unaomwaga maji yake katika Ghuba ya Speke upande wa Magu, si mto wa kutiririka sawasawa mwaka mzima. Wakati wa kiangazi sehemu yake kubwa hubaki mchanga na madimbwi, na mtu huvuka bila kulowa magoti. Mvua za vuli zikishika, mto huo huo hushuka kwa kishindo, mwekundu kwa udongo. (Vitabu vya jiografia hulitumia neno vuli kwa majira ya majani kupukutika huko Ulaya, nalo likamchanganya mwanafunzi, kwa mkazi wa Magu vuli ni mvua.) Kwa samaki anayetegemea mafuriko, mlango wa kuingilia mazazi hufunguka kwa majuma machache tu, katika vuli na tena katika masika. Akikosa hapo, amekosa mwaka.

Wakazi wa kando ya mito walijua mambo haya kabla ya wataalamu kuyaandika. Walijenga nyuzio za miti na matete kukatiza mto, wakaacha mianya na kuitega migono. Lakini mto uliofurika haukubali uzio. Huung'oa na kwenda nao. Kwa hiyo katika siku za mafuriko makali, samaki walipokuwa wakipanda kwa wingi, mto wenyewe uliwalinda. Tena baadhi ya mitego hiyo, kama ile iliyotumika katika Mto Nzoia upande wa Kenya, ilielekezwa kuwanasa samaki wakati wa kushuka, yaani waliokwisha kutaga. Haina maana kwamba wazee walikuwa wahifadhi kwa nadharia. Walivua pale walipoweza kuvua, na pale walipoweza hapakuwa pabaya.

Mabadiliko yalianzia ziwani. Nyavu za makila zililetwa mwaka 1905 katika Ghuba ya Kavirondo na zikaenea upesi. Uchunguzi wa Michael Graham wa miaka ya 1927 na 1928 ulionyesha kwamba ngege walikuwa wakipungua, naye akashauri nyavu zenye matundu yasiyopungua inchi 5, yaani sentimeta 12.7. Ushauri huo ulifanywa kwa ajili ya ngege, lakini ulimfaa ningu pia bila kukusudiwa, maana mwili wake mwembamba ulipita katika matundu hayo bila shida. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kipimo hicho kiliachwa. Wakati huo huo nyuzi za nailoni zilichukua mahali pa kitani. Hazikuoza, wala hazikuonekana kwa urahisi majini. Mvuvi aliyekuwa na mtumbwi na wavu wa inchi mbili na nusu au tatu hakuhitaji tena kungoja uzio wa mtoni. Alisimama nje ya mlango wa mto, akatega, na samaki walimfuata mwenyewe wakiwa na mayai tumboni.

Matokeo hayakukawia. P. J. P. Whitehead alikuwa ameandika juu ya safari za samaki hawa mwaka 1959. Mwaka 1965 D. A. Cadwalladr alichapisha makala ambayo kichwa chake chenyewe kilitaja kupungua kwa uvuvi wa ningu, pamoja na kuzorota kwa mbinu za jadi katika Mto Nzoia. Mwaka 1965! Sangara alikuwa bado mgeni ziwani, na wingi wake uliotikisa ghuba zote ulikuwa mbele kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Chanzo hutangulia matokeo; hakuna kanuni ya sayansi iliyo nyepesi kuliko hiyo, wala iliyo rahisi kusahauliwa panapokuwa na mshtakiwa mwenye meno. Sangara huenda aliwazuia ningu wachache waliobaki wasiongezeke tena, na kilimo kwenye mbuga za mafuriko, udongo unaomomonyoka pamoja na sumu zinazotumiwa na wavuvi wahalifu vimeongeza madhara. Hayo ni ya baadaye. Pigo la kwanza lilikuwa wavu uliowekwa mahali fulani kwa wakati fulani.

Swali zuri la kumwuliza mwanafunzi ni hili: kwa nini wavuvi hawakuona hatari mapema? Hawakuwa wajinga. Walidanganywa na hesabu yao wenyewe, na hesabu hiyo inastahili kuandikwa ubaoni. Chukuliwe mfano wa kubuni. Nyavu za mlangoni zina uwezo wa kubeba ningu 200 kwa usiku mmoja, basi. Likija kundi la 2,000, zitatoa 200. Miaka kadhaa ikipita na kundi likawa 800, bado zitatoa 200, kwa kuwa wote waliobaki hawana njia nyingine ila kupita hapo. Likiwa 300, bado 200. Mvuvi anayehesabu samaki wa mtumbwi wake ataapa kwamba hakuna kilichopungua. Halafu mwaka mmoja hawaji. Lau nyavu hizo zingetegwa ziwani, ambako samaki wametawanyika, zikinasa mathalani mmoja kwa kila mia, hesabu ingeshuka kwa uaminifu kutoka 20 hadi 8, kisha 3, na kengele ingelia mapema. Mahali samaki wanapokusanyika ndipo wingi wao unapodanganya zaidi.

Kosa hili si la Ziwa Viktoria pekee. Nchini Kanada, samaki wa cod waliobaki kwenye bahari ya Newfoundland waliendelea kujikusanya, na meli kubwa ziliendelea kujaza nyavu karibu hadi mwisho; mwezi wa Julai 1992 serikali ililazimika kusimamisha uvuvi huo, na maelfu ya watu wakakosa kazi. Katika mito ya Marekani, miezi ile ile ambayo mvua za vuli hunyesha Mwanza, samaki aitwaye walleye na ndugu yake sauger husogea na kujazana chini ya mabwawa ya mito, nao huko hungoja majira ya kutaga, ambayo kwao huja theluji inapoyeyuka. Kila mvua ndoano anapajua mahali hapo. Kwa sababu hiyo hiyo mvuvi huwekewa idadi ya samaki anaoruhusiwa kwa siku, na katika jimbo la Minnesota uvuvi wa walleye kwenye maji mengi ya ndani hufungwa tangu mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Mei, yaani wakati wa kutaga. Waamerika si wapole kuliko wavuvi wa Magu. Wameona tu kwamba samaki aliyekusanyika hahitaji ustadi kumvua, na kwa hiyo lazima alindwe kwa kalenda.

Huku kwetu mazungumzo juu ya ulinzi wa ziwa yamezungukia zaidi zana: matundu ya nyavu, makokoro, sumu, nyuzi. Mambo hayo ni ya lazima, lakini kwa samaki wa mtoni hayatoshi. Wavu wenye kipimo halali kwa samaki mwingine unaweza kuwa msiba ukiwekwa kwenye mlango wa mto siku ya mafuriko ya kwanza. Kinachotakiwa ni kufunga milango ya mito iliyochaguliwa, kama vile Simiyu, Mbalageti, Grumeti na Mara, kwa majuma machache tangu mafuriko yanapoanza, na kuwaachia wavuvi ziwa lote lililobaki. Eneo la Ziwa Viktoria ni kilometa za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Milango hiyo ni sehemu ndogo mno ya eneo hilo. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inaruhusu kufunga eneo au msimu. Wala jambo lenyewe si geni: mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka. Ikiwa ziwa zima liliweza kupumzishwa miezi mitatu, mdomo wa mto mmoja hauwezi kuwa mzigo usiobebeka.

Hata hivyo upo upinzani wenye haki, na haufai kupuuzwa. Mvua za vuli hufika wakati ghala za nyumba nyingi za Usukumani zimekaribia kuwa tupu, na wanaotega kwenye milango ya mito aghalabu ni wale wasio na injini ya kwenda kwenye maji ya mbali. Kumwambia mtu huyo avumilie, ilhali minofu ya sangara husafirishwa kutoka Mwanza kwenda ng'ambo mwaka mzima, kutaonekana kuwa ni kumfungia maskini na kumwachia tajiri. Ndiyo maana kufunga huko kuwe kwa muda mfupi, kutangazwe kwa mvua na si kwa tarehe ya ofisini, na kuamuliwe pamoja na vikundi vya usimamizi vya mialo, ambavyo vinajua mto hufurika lini kuliko ofisi yoyote. Agizo la tarehe moja kwa mito yote lingekosea mara nyingi kuliko kupatia.

Wengine husema dawa ni mabwawa. Ni kweli kwamba mapema katika miaka ya 2000 watafiti nchini Uganda walifaulu kuwatagisha ningu kwa kuwadunga homoni na kuangua mayai yao, na ufundi huo una thamani kubwa, hasa kama akiba. Lakini bwawa huzaa samaki wa mwenye bwawa. Ningu wa mtoni alikuwa akija mwenyewe hadi mlangoni kwa mtu asiye na shamba wala mtaji, bila kulishwa na mtu yeyote, na wala vifaranga waliopandwa mtoni hawatadumu iwapo wazazi watanaswa tena palepale.

Shule zina kazi hapa ambayo si ya maigizo. Shule ya sekondari iliyo karibu na daraja la mto inaweza kusimamisha nguzo yenye alama za sentimeta, ikasoma kimo cha maji kila asubuhi, ikapima mvua, na kuandika ni samaki gani walioletwa mwaloni siku hiyo, kwa majina ya wenyeji, wangapi, na kama wana mayai. Vifaa vyake ni ubao, rangi, kopo la kupimia mvua na daftari. Mwaka mmoja wa kumbukumbu hizo hautathibitisha mengi. Miaka mitano, kwa mito mitatu au minne, itaonyesha ni siku ngapi baada ya mafuriko ya kwanza samaki huanza kupanda, na wiki zipi ndizo za kufungwa. Daftari hilo likifikishwa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi na kwa wazee wa mialo, mabishano juu ya tarehe yatakuwa na kitu cha kushika. Kazi ianze kabla ya mvua za Oktoba, maana nguzo haisimamishwi mto ukiwa umejaa.