Tulipojibu "Inshaallah" Bila Kusikia



Baada ya kumshukuru Allah (s.w.t.) na kumswalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), juma hili twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya mara nyingi mno kwa siku pasi na kulitambua, nalo ni kutenda kwa mazoea hali moyo uko mbali. Tutaanza na mama yetu mzazi, naye ametupa idhini ya kumtaja.

Mama yetu ni msukaji wa ukili. Alifunzwa angali kigori, na leo amepita miaka sabini. Akishaketi ukumbini, vidole vyake huzipanga chane za miyaa moja juu ya nyingine huku yeye akipokea wageni, akikanya wajukuu na kusikiliza mawaidha redioni. Hautazami ukili wake. Siku moja tulimuuliza ni chane ipi hupita juu na ipi hupita chini. Alisita, akavitazama vidole vyake, akajaribu kutueleza, na papo hapo ukili ukaharibika. Akatuambia tuondoke tumwache afanye kazi.

Hiyo ni rehema, wala tusiidharau. Lau ingetubidi kuwazia kila kifungo cha kanzu, kila mkuno wa nazi juu ya mbuzi na kila hatua ya kwenda sokoni, adhuhuri ingetukuta hatujatoka chumbani. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihya Ulumiddin kuwa tabia hujengeka kwa kurudiarudia tendo. Mfano aliotoa ni wa mtu atakaye hati nzuri ya mkono: huanza kwa kujilazimisha kuiga hati ya bingwa, akaendelea hivyo mpaka mkono ukazoea na hati ikamtoka bila taklifu. Na kwa hekima iyo hiyo tumeagizwa kuwaamrisha watoto wetu swala wakifika miaka 7, wala hatukuambiwa tungoje mpaka waifahamu siri yake. Kwanza mwili uzoee, maana zitafuata.

Lakini mkono uliozoea haubagui. Mkono uo huo wa mama yetu ndio uliokuwa ukivichukua vidonge vya sukari kila asubuhi baada ya chai. Avifungue, avimeze, ashushe na maji, aendelee na ukili. Kwa kuwa hakukuwa na fikra ndani ya tendo lile, halikuacha alama yoyote katika kumbukumbu. Robo saa ikipita alijiuliza: "Nimemeza au sijameza?" Na kwa kuchelea kuikosa dawa, siku nyingine alimeza tena.

Binti yetu wa pili ndiye aliyegundua. Ana miaka kumi na mitano, na hulala chumba kimoja na bibi yake. Alikuja kutueleza mara ya kwanza tukiwa twapanga ratiba ya madrasa. Tukamjibu, "Inshaallah, mwanangu, tutaangalia." Alikuja mara ya pili tukiwa na simu mkononi, tukajibu vivyo hivyo. Mara ya tatu hatukumbuki kabisa kwamba alikuja. Yeye akumbuka hata kanzu tuliyovaa siku hiyo.

Jumanne moja baada ya Alasiri mama yetu akaanza kutokwa na jasho baridi. Mikono ikatetemeka, maneno yakawa hayashikani, akamwita mjukuu kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Tulikuwa msikitini. Mama watoto na binti walimnywesha maji ya sukari angali aweza kumeza, wakaita tuktuk, wakamkimbiza hospitali. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Alhamdulillah alipona, na siku ya tatu alikuwa nyumbani akiuliza nani ameugusa ukili wake.

Hatukulisimulia hili ili mtuonee huruma. Tumelisimulia kwa sababu tumekuwa tukisomesha fiqhi kwa zaidi ya miaka ishirini, na mlango wa nia ndio wa kwanza tunaowafungulia wanafunzi. Tunawahifadhisha ile hadithi ya Sayyidna Umar juu ya nia, ambayo Imamu Bukhari ameiweka mwanzo kabisa wa Sahihi yake, na Imamu Nawawi akaiweka ya kwanza katika Arubaini. Tunawaambia kuwa kazi ya nia ni kutenganisha ada na ibada: mtu aweza kuoga ili apate baridi na mwingine akaoga josho la janaba, maji ni yale yale. Mtu aweza kuketi msikitini kupumzisha miguu na mwingine akaketi kwa itikafu, na mkeka ni ule ule. Yote haya twayajua. Kisha twarudi nyumbani, na mtoto wetu akisema nasi twamjibu kwa ulimi usio na mtu ndani yake.

Sheria yetu haikujifanya haijui kuwa moyo wa binadamu hughafilika. Katika swala yenyewe, nguzo ya dini, umewekwa mlango mzima wa kusahau. Abu Hurayra (r.a.) amepokea kuwa siku moja Mtume (s.a.w.) aliwaswalisha watu moja ya swala za mchana, akatoa salamu baada ya rakaa mbili. Kisha akaenda kuegemea ubao uliokuwa msikitini. Masahaba wakubwa, Abubakari na Umar, walikuwepo, lakini haiba ikawazuia kusema. Aliyesema ni mtu mmoja aliyeitwa Dhul-Yadayn kwa urefu wa mikono yake. Aliuliza kama swala imepunguzwa au Mtume amesahau. Mtume (s.a.w.) akawauliza watu, wakathibitisha, naye akarudi akakamilisha na akasujudu sijda mbili za kusahau. Wanazuoni wameeleza kuwa kusahau kule kulikuwa ni mafunzo kwa umma. Sisi mwaka huu tumelitazama pia upande mwingine: hakumkemea muulizaji, na wala hakulitegemea lile lililokuwa katika dhana yake. Aliuliza.

Na mwanamke naye amepewa nafasi yake katika mlango huu. Imamu akikosea, wanaume husema "Subhanallah", nao wanawake hupiga kofi, kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto. Haikusemwa kuwa wao wanyamaze kwa sababu wako safu ya nyuma.

Juma moja baada ya mama yetu kurudi, tuliswalisha Magharibi nyumbani. Baada ya rakaa ya tatu tukainuka kwenda ya nne. Tulikuwa, Allah atusamehe, twahesabu mabati ya paa la madrasa: manane yameshapatikana, sita bado. Kofi likalia nyuma. Tukarudi chini, tukasoma tahiyatu, tukasujudu sijda mbili, tukatoa salamu. Binti alikuwa amejiinamia. Baada ya nyiradi tukamshukuru, naye akasema kwa sauti ya chini: "Abba, kwenye swala nina ruhusa ya kupiga kofi. Nilipokuwa nikikwambia habari za bibi sikujua nifanye nini."

Mama yake alitaka kumkanya kwa adabu. Tukamzuia, kwa kuwa hakuna adabu iliyovunjwa pale isipokuwa yetu.

Neno "inshaallah" lina heshima kubwa. Katika Suratul Kahf tumekatazwa kusema kwa mkato kuwa kesho tutafanya jambo fulani pasi na kulifungamanisha na matakwa ya Mola. Maana yake ni kwamba anayesema inshaallah ni mtu aliyekwisha azimia, ameshaifunga nia, kisha akakiri kuwa uwezo si wake. Sisi watu wa pwani tumeligeuza likawa ni njia ya upole ya kumwambia mtu "niondokee". Mafundi hulitumia hivyo, na wakopaji, na mashekhe pia. Mtoto wa miaka mitano mjini mwetu ameshajua kuwa akijibiwa "inshaallah" kwa sauti fulani, hana haja ya kungoja.

Vivyo hivyo "wallahi". Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, kwa kufuata tafsiri ya Bibi Aisha (r.a.), wameviita viapo vinavyoponyoka ulimini katika mazungumzo kuwa ni laghwi: havina kafara, kwa kuwa moyo haukuvikusudia. Hiyo ni huruma ya Mola wetu. Lakini si kila neno limepewa huruma hiyo. Talaka iliyosemwa kwa lafudhi ya wazi haimpi mume nafasi ya kudai kuwa alikuwa akifanya mzaha, na nyumba ngapi zimekuja mbele yetu na mume akilia kuwa lile neno alilizoea tu akighadhibika! Hili lahitaji makala yake, inshaallah. Na hapa tumelisema kwa azma.

Mama mmoja aliyesoma rasimu ya makala haya alituuliza: je, mwatutaka tuwazie kila kitu? La. Mwenye kutaka kulichunga kila tendo huishia katika wasiwasi, nao ni ugonjwa tunaoujua vizuri. Tumewaona watu wakitawadha mara nne kwa swala moja, na wengine wakirudia takbira mpaka imamu akarukuu. Wanazuoni wamekemea jambo hilo kwa ukali, na wameweka kanuni kuwa yakini haiondolewi na shaka. Mwenye yakini kuwa ana udhu, kisha akashuku kuwa umevunjika, udhu wake upo na aende akaswali. Kwa hiyo ukili na usukwe kwa vidole peke yake, na chapati zisukumwe huku mkizungumza. Tunachokisema ni kwamba yapo machache yasiyofaa kuachiwa mkono, na dawa ni mojawapo. Kumjibu mtu anayekueleza khofu yake ni jingine.

Katika dawa tuna jambo la kuwatahadharisha hasa, kwa sababu lilimpotosha mama yetu, naye ni mtu wa ibada. Katika swala, ukishuku kuwa umeswali rakaa tatu au nne, unashika idadi ndogo, unaongeza moja, na unasujudu sijda ya kusahau. Mama yetu aliipeleka hukumu hiyo kwenye vidonge: nikishuku, na niongeze. Daktari alitueleza kinyume chake. Mwenye kushuku kama ameshameza dawa ya sukari asimeze tena kwa kubahatisha. Apime sukari yake kama ana kipimo, na aulize. Kukosa dozi moja mara nyingi ni jambo dogo kuliko kuirudia. Na mgonjwa wa sukari akianza kutokwa na jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, apewe kitu cha sukari haraka ikiwa yu macho na aweza kumeza. Akiwa amezimia asitiwe chochote kinywani, bali akimbizwe hospitali. Yabandikeni haya ukutani jikoni, mahali ambapo hata msichana wa kazi atayaona.

Nyumbani kwetu tumefanya mambo mawili. La kwanza, binti amepewa ruhusa rasmi, mbele ya mama yake na bibi yake, ya kupiga kofi. Tukimjibu hali macho yetu yako kwenye simu au kitabuni, hupiga, nasi huinua kichwa na kumwambia arudie. Majuma mawili ya mwanzo alipiga mara nyingi kuliko tulivyotarajia, na mara mbili alitupigia mbele ya wageni. Mgeni mmoja alidhani anafukuza mbu.

La pili, tulinunua dukani kwa muuza dawa kile kisanduku cha plastiki chenye vyumba saba, chumba kwa kila siku ya juma. Binti hukijaza Ijumaa baada ya Alasiri. Mama yetu hakukipenda. Alisema amezaa watoto sita na kuzika mume bila ya kuhitaji kisanduku cha kumwambia leo ni siku gani, nasi hatukuwa na jibu.

Alkhamisi iliyopita tulimkuta ukumbini, ukili magotini, kikombe cha chai kimekwisha. Tukamuuliza kama amemeza dawa. "Wallahi nimemeza, sasa hivi tu," akasema bila ya kuinua macho. Binti akaleta kisanduku, akakifungua chumba cha Alkhamisi. Vidonge vilikuwamo vyote viwili. Mama yetu akavitazama kwa muda, akaweka ukili chini, akaomba maji. Alivimeza kimoja kimoja, akimtazama mjukuu wake, kisha akamwambia akifunge.