Neno la Juma: "Boy"



Juma lililopita mwanafunzi mmoja wa huku kwetu Hewa Bora aliniletea daftari yake ya Kiingereza. Mwalimu wake alikuwa amewapa wanafunzi neno moja fupi, "boy", walieleze kwa Kiswahili. Kijana huyo aliandika: "Mtu anayepika na kufua nyumbani kwetu." Mwalimu akapiga mstari mwekundu, akaandika kando: "Mtoto wa kiume." Kijana akaniuliza kwa uchungu: "Baba, nani amekosa? Boyi wa nyumbani kwetu ana wajukuu watatu. Awezaje kuwa mtoto?"

Nami nikamwuliza: "Jina lake nani huyo mzee?" Akainamisha kichwa. Hakulijua.

Basi leo tulichungue neno hilo, kwa maana ndani yake mna mambo mengi kuliko herufi zake tatu.

Katika Kiingereza cha leo, maana ya kwanza ni mtoto wa kiume, kama alivyosema mwalimu. Mzazi akisema "my boy" amtaja mwanawe, hata kama mwana huyo amekwisha ota ndevu. Lakini "old boy" si mtoto mzee. Ni mtu aliyesoma zamani katika shule fulani. "Altar boy" ni mtumikiaji wa Misa. "Cowboy" ni mchunga ng'ombe wa Marekani apandaye farasi. "Boyfriend" ni mpenzi wa msichana. Wanaume waliozoeana tangu ujana huweza kuitana "the boys", wala hakuna anayekasirika. Na mtu akishangaa, husema "Oh boy!", ingawa hapo hamwiti mtu yeyote.

Je, na maana aliyoiandika kijana wetu? Nayo ni ya kweli, tena ni ya kale sana. Katika maandishi ya Kiingereza ya karne ya 13 na ya 14 neno hili lilimtaja hasa mtumishi na mtu wa cheo cha chini; maana ya mtoto wa kiume ilienea baadaye. Waingereza walipotawala nchi nyingi, walikwenda nalo, toka Bara Hindi hata Afrika ya Kusini. Wafaransa na Wabelgiji nao wakalichukua katika makoloni yao, hata wakaunda neno "boyerie", yaani nyumba ndogo za watumishi zilizojengwa nyuma ya nyumba ya bwana. Huku Katanga lilikuwa na njia mbili za kuingilia, kwa maana reli iliyofika Élisabethville mwaka 1910, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilitoka kusini, katika Rhodesia ya Waingereza. Hivyo tukapata "boyi" katika Kiswahili cha Kongo, kama wenzetu wa Afrika ya Mashariki walivyopata "boi".

Ubaya uko wapi? Mtoto hukua, lakini boyi hakui. Mtu aliingia jikoni akiwa na umri wa miaka 20, akaoa, akazaa, akaota mvi, naye bado aliitwa kwa neno lile lile, hata na watoto aliowabeba mgongoni. Mtoto haulizwi shauri. Mtoto hadai mshahara, hupewa tu. Mtoto akikosa huchapwa. Mambo hayo yote yalifichwa ndani ya neno moja. Patrice Lumumba, katika hotuba yake ya tarehe 30 Juni 1960, aliyakumbusha mambo ya namna hiyo: Mwafrika aliambiwa "tu" kwa Kifaransa, si kama rafiki, bali kwa sababu "vous" ya heshima iliwekwa kwa ajili ya Wazungu peke yao.

Wala tusiseme kwamba hayo yalikuwa ya serikali na makampuni tu. Ferdinand Oyono wa Kamerun alipotoa kitabu chake Une vie de boy mwaka 1956, alimweka Toundi, mtumishi anayesimulia habari zake, kwanza katika nyumba ya padre, ndipo akaenda kwa mkuu wa wilaya. Sisi watu wa misioni tukisoma habari hiyo, yafaa tujipige kifua.

Katika Marekani nako wanaume weusi waliitwa "boy" hata uzeeni. Mwaka 1968 wafanyakazi 1,300 wa kuzoa takataka katika mji wa Memphis waligoma baada ya wenzao wawili kuuawa na mtambo wa gari la taka. Walipita barabarani na mabango yenye maneno machache: kila mmoja alisema kwamba yeye ni mtu mzima, mwanamume. Na mwaka 2006 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba neno "boy" peke yake laweza kuwa ushahidi wa ubaguzi kazini. Waamuzi walisema yapaswa kutazama mahali liliposemwa, sauti ya msemaji, desturi ya watu wa pale, na jinsi lilivyotumiwa zamani. Hiyo ni kanuni njema kwa kila mwanafunzi wa lugha: maana ya neno haimo katika kamusi tu, imo pia katika kinywa cha asemaye na sikio la asikiaye.

Sasa tuifungue Injili. Mathayo, katika sura ya 8, asimulia habari za akida Mroma aliyemwendea Yesu kwa ajili ya mtu wa nyumbani mwake aliyepooza. Katika Kigiriki mtu huyo aitwa "pais", na katika Kilatini "puer"; maneno yote mawili humtaja mtoto na mtumishi pia, sawa kabisa na "boy". Lakini tazameni alivyofanya bwana yule. Alikuwa na askari chini yake, naye alitoka mwenyewe kumwombea mtumishi wake. Maneno yake twayasema katika kila Misa kabla ya Komunyo, ila pale alipomtaja "puer" wake, Kanisa limeweka roho yangu. Kila tunapokwenda kumpokea Bwana, twatumia sala ya mtu aliyemjali boyi wake.

Na katika nchi yetu tunaye Mwenye heri Isidori Bakanja. Alikuwa mtumishi wa nyumbani wa Mzungu mmoja huko Ikili. Msimamizi wa shamba aliyechukia skapulari yake na sala alizowafundisha wenziwe aliamuru apigwe mijeledi. Madonda hayakupona, akafa mwaka 1909, akiisha kumsamehe aliyemtesa. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994. Yule aliyeitwa boyi, leo twamwomba atuombee.

Enyi baba na mama, Wazungu wa zamani wamekwenda zao, lakini neno limebaki nyumbani mwetu, na watoto hulisikia kwetu. Mimi mwenyewe nilimwita hivyo mtu aliyetufanyia kazi miaka mingi, nami nakiri kosa langu. Tujue jina la mtu, tumlipe mshahara wake kwa siku yake, tumsalimu kwanza. Akiwa mzee, watoto wamwite baba fulani. Akiwa kijana, wamwite yaya, kama huku Lubumbashi tunavyomwita ndugu mkubwa. Huko pwani yaya ni mtu wa kuajiriwa kulea watoto. Huku kwetu ni ndugu. Tumpe maana yetu.

Mwanafunzi yule alirudi kwangu Jumatano. Alikuwa ameuliza, akaambiwa jina la mzee, na majina ya wajukuu wote watatu.